Kimya cha Mtoto: Ni Soni au ni Maradhi?

Msomaji mwenzangu, sisi watu wa pwani tukisikia Kisii fikira zetu hukimbilia ndizi, na vile vinyago vya mawe ya Tabaka wanavyouziwa watalii hapa Mombasa. Mimi nami sikuwa na zaidi ya hayo kichwani, mpaka nilipofunga safari kwenda kumpa mkono wa tanzia rafiki yangu wa miaka mingi, mwalimu mstaafu wa upande wa Nyamira, aliyefiwa na nduguye. Gari lilinipitisha Narok, Bomet na Sotik, na tulipofika Keroka, mji uliokaa mpakani hata mgeni hajui yumo Kisii au yumo Nyamira, baridi ilikuwa imekwisha nipenya hadi mifupani.

Hapo nyumbani alikuwako mjukuu wa mwalimu, kijana wa miaka 14. Nilimwamkua, akainamisha kichwa. Nikamwuliza jina lake, akatazama chini. Nikasema moyoni mwangu, mtoto huyu kafunzwa adabu, maana hata sisi tulilelewa hivyo, mtoto hamkodolei macho mtu mzima. Usiku tulipobaki wawili, mwenyeji wangu akaniambia: "Ustadh, yule umemwona ana adabu. Yule alikaa miezi 7 hasemi na mtu."

Mambo yalianza mama wa kijana alipokwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Kijana kwanza alishuka masomo, kisha akawa hali, kisha akalalamika tumbo na kichwa. Akapelekwa zahanati, akapewa dawa ya malaria, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, wala hakuna aliyemtoa damu kupima. Mwisho akanyamaza kabisa. Hapo ndugu wakakusanyika, na neno likatoka: amerogwa. Halikutoka peke yake, lilitoka na jina la mtu, nalo lilikuwa la mjane mmoja ng'ambo ya bonde.

"Hapo ndipo nilipoogopa," akasema mwalimu, "kwa sababu mimi nakumbuka Marani."

Marani ni upande wa Kisii. Mwezi wa Oktoba 2021 kundi la watu liliwaua na kuwachoma moto wanawake 4 wa makamo na wazee, kwa madai kwamba wamemroga kijana wa sekondari, ambaye ilisemekana amepoteza kauli. Kijana mmoja hakuweza kusema, na kabla hajatazamwa na tabibu, roho 4 zilikwisha potea. Wala hilo halikuwa la kwanza. Mwaka 2008 watu 11 walichomwa moto huko huko Kisii kwa tuhuma za uchawi, na mauaji ya namna hiyo yaliyoanza mwaka 1992 ndiyo yaliyomfanya msomi Justus Ogembo kuandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2006.

Tusiwacheke Wakisii. Huku kwetu Kilifi wazee wangapi wameuawa kwa sababu ya mvi zao? Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotishwa na watoto wao wenyewe. Tofauti ni lugha tu.

Na kwa habari ya lugha, niliyoyasikia huko yalinifurahisha, kwani Kigusii na Kiswahili ni ndugu walioachana njiani. Yule msichana anayembeba mdogo wake mgongoni wamwita omoreri, nawe unamsikia mlezi. Anayepiga bao kutafuta chanzo cha ugonjwa ni omoragori, nasi tunaye mlaguzi wetu. Kuna na neno chinsoni, ambalo kwa watu wa pwani halihitaji mkalimani: ni soni, ile haya inayomfunga mtu kinywa mbele ya mkubwa wake.

Mtaalamu wa Kimarekani, Robert LeVine, aliishi miongoni mwa Abagusii kati ya 1955 na 1957, akarudi tena miaka ya 1970 na mkewe Sarah. Waliyoyaona yalitoka katika kitabu mwaka 1994. Waliona mama wa Kigusii anamkumbatia mtoto, anamnyonyesha, akilia anamtuliza papo hapo, lakini hazungumzi naye sana wala hamtazami machoni kama afanyavyo mama wa Kimarekani. Mtoto akikua hufunzwa kutii, si kueleza aliyonayo. Baba na mwana wametengwa na soni, na mazungumzo ya siri za moyo hayapiti baina yao. Babu na mjukuu, la, hao huongea na kutaniana bila kizuizi.

Sasa fikiri, msomaji, daktari aliyesomea kwa vitabu vya ng'ambo anapoletewa mtoto kama huyo. Kitabu kinamwambia mtoto asiyekutazama machoni, asiyejibu ila neno moja, huenda ana kasoro. Kwa kipimo hicho nusu ya watoto wa Nyamira, na nusu ya waliosoma chuoni pamoja nami, wangelazwa. Na upande wa pili, mtoto aliyelemewa kweli hukaa miezi katikati ya watu, nao wakimsifu kwa upole wake.

Mwalimu aliwazuia ndugu zake na akamchukua mjukuu, yeye na baba wa kijana, wakaenda hospitali. Wakakutana na muuguzi wa maradhi ya akili, binti wa Kigusii. Jambo la kwanza alilofanya binti yule ni kumwomba baba atoke nje. "Mimi akaniacha ndani," mwalimu akaniambia huku akicheka. "Nikajua huyu amelelewa."

Hakuanza na kijana. Alimwuliza babu: alipokuwa mdogo alisema wakati gani, alitembea wakati gani? Aliwahi kuanguka kifafa? Anasikia vizuri, maana wako watoto wanaoitwa wajinga kumbe ni viziwi? Alipata kuugua malaria iliyopanda kichwani? Swali hili la mwisho si la bure. Huku kwetu Kilifi, watafiti walioko tangu mwaka 1989 wameonyesha kwamba mtoto akipona malaria ya kichwani, huweza kubaki na kifafa au kubadilika tabia. Wangapi tumewapeleka kwa mganga wa pepo, na dawa ya kifafa ni kidonge cha bei nafuu? Nilikuwa na mwenzangu chuoni aliyekuwa akianguka. Akianguka, sisi tulikimbia, na mwalimu wetu akimsomea huku akimpiga fimbo ili jini atoke. Jini hakutoka. Mwenzetu alitoka yeye, hakurudi chuoni tena.

Kisha muuguzi akamwita dada wa kijana, yule aliyemlea mgongoni, na huyo ndiye aliyekuwa na habari zote: halali usiku, analia, nguo za mama yake amezificha chini ya godoro. Kijana mwenyewe alifikiwa siku ya tatu, babu yake akiwa kando, na swali likawa la waziwazi: je, unatamani usiwepo? Watu huogopa kumwuliza mtoto hivyo wakidhani watamtia wazo. Wataalamu wanasema kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, humfungulia mlango. Kijana akatikisa kichwa kukubali.

Jamaa nyingi huficha jambo hili, na haikuwa kwa aibu peke yake. Sheria ya Kenya, kifungu cha 226, ilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hata tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba.

Maradhi ya kijana yalikuwa sonona, kama wasemavyo siku hizi, yaani majonzi yaliyovuka mpaka yakawa ugonjwa. Kwa vijana sonona haiji na machozi kila mara. Huja na kuumwa tumbo, hasira, usingizi kupotea na shule kuanguka. Shirika la Afya Duniani lasema kijana 1 katika kila 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana maradhi fulani ya akili, na kwamba theluthi moja ya maradhi ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka 14.

Ati elimu hii ni ya Wazungu? Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya miili na ya nafsi, na humo akaitenga huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile isiyojulikana sababu yake, ambayo aliiona inatoka mwilini. Na kila aliyekaa chuoni anawajua watu watatu walioinuliwa kalamu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka zimrudie. Mtoto mwenye maradhi ya akili ameinuliwa kalamu mara mbili, nasi bado twamtia fimbo!

Abagusii nao wana utabibu wao wa kale wa kichwa, ambao umewashangaza madaktari. Omobari, fundi wa kupasua fuvu, alimfungua mtu aliyeumwa kichwa baada ya kupigwa, akakwangua mfupa, akamfunga, na wengi wakaishi. Daktari Edward Margetts wa Canada, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari miaka ya 1950, aliandika habari za ufundi huo. Mathari yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1910, ndiyo iliyokuwa kitisho cha kila nyumba: ukipelekwa huko umekwisha. Siku hizi si lazima kufika Nairobi. Kisii ina wodi yake, na sisi Mombasa tunayo Port Reitz.

Dawa ya kijana wa Nyamira ilikuwa zaidi maneno kuliko vidonge. Vidonge alipewa, kwa mkono wa daktari, navyo si vya kumnunulia mtoto dukani. Lakini alirudi kila wiki kuzungumza, baba yake akafundishwa namna ya kukaa naye bila kumhoji, na ikapangwa mama apige simu kila Jumamosi baada ya kanisa, maana ni Waadventista. Wako vijana wa Kenya waliojaribu jambo kama hili mashuleni, wakaliita Shamiri. Ni wahitimu wa sekondari, si madaktari, wanaokaa na wanafunzi katika vikundi kwa mikutano 4. Matokeo ya majaribio yao kwa wanafunzi 413 yalichapishwa mwaka 2021, na sonona na wasiwasi vilipungua.

Mjane wa ng'ambo ya bonde nilimwona. Alikuja matangani na kikapu cha wimbi, akaketi pamoja na wanawake wengine.

Asubuhi ya kuondoka, kijana alinibebea mkoba hadi kituoni. Tulikwenda njia nzima kimya, nami sikumwuliza kitu. Tulipokuwa tukingoja gari, akasema huku akitazama chini: "Babu, bahari hupiga kelele usiku?"

Nikamwambia hupiga, hasa wakati wa kusi. Kisha matatu ikaja.