Baiti Katika Mashimo ya Bao

Watu wengi hudhani kwamba somo la kompyuta haliwezi kuanza mpaka mashine yenyewe ifike darasani. Mashine hizo zimekuwa na historia ya kusitasita nchini: ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 uagizaji wake ukapigwa marufuku, ukaja kuruhusiwa tena baadaye. Dhana hiyo ikishikiliwa katika kata kama Gehandu, kwenye nyanda za Mbulu na Hanang, mtoto atanyimwa hata ile sehemu ya somo isiyohitaji umeme.

Na tuchukue bao la kete, lenye safu nne za mashimo manane. Mashimo yaliyochimbwa ardhini yatafaa pia. Katika safu moja, kila shimo liwe na punje moja ya maharage au liwe tupu; hali ya tatu haipo. Kuanzia kulia, shimo la kwanza lina thamani ya 1, la pili 2, la tatu 4, na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili hadi la nane, 128. Hesabu hii ilielezwa na Leibniz wa Ujerumani katika makala ya mwaka 1703. Ndani ya kompyuta, mahali pa maharage pana swichi ndogo mno za umeme. Shimo moja ni biti. Manane ni baiti.

Sasa mtoto aandike herufi ya kwanza ya jina la kata yake. Katika orodha ya ASCII, iliyotolewa Marekani mwaka 1963, herufi kubwa G ni namba 71, yaani 64, 4, 2 na 1. Punje nne zinatosha.

Lakini kuku akidokoa punje ya shimo la pili (na kuku hawaheshimu vipindi), 71 hugeuka 69, nayo ni E. Msomaji atajuaje kwamba amedanganywa? Herufi za ASCII hutumia mashimo saba tu, basi la nane liwe mlinzi: punje za safu zikiwa witiri, huongezwa moja humo ili ziwe shufwa. G ina nne, hivyo shimo hilo hubaki tupu. Zikikutwa tatu, pana kosa, ingawa mahali pake hapajulikani. Zikidokolewa mbili, mlinzi haoni kitu.

Hapo ndipo bao zima hufaa. Safu tatu zibebe herufi, na ya nne ilinde mistari ya wima kwa kanuni ile ile. Punje moja ikipotea, safu yenye witiri na mstari wenye witiri hukutana juu ya shimo lililodokolewa, na mtoto huirudisha punje bila kuuliza.