Nairobi hadi New York: saa 15 kwenda, 14 kurudi

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi JFK ni takribani kilomita 11,840. Boeing 787 ikishatulia angani hukimbia kama kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo hesabu ya haraka inakupa saa 13 na dakika chache. Lakini Kenya Airways ilipozindua safari hiyo ya moja kwa moja, Oktoba 28, 2018, ilitangaza karibu saa 15 kwenda na 14 kurudi. Hizo saa za ziada zinatoka wapi?

Kidogo zinaliwa na kuzunguka uwanjani, kupaa na kushuka. Nyingine ni za njia yenyewe. Ukipiga mstari kwa rula kwenye ramani ya ukutani, utapita kaskazini mwa Kongo, Kamerun, Nigeria na Mali, na utakuwa umechora karibu kilomita 12,190. Sasa chukua tufe la dunia, uvute uzi ukaze kati ya miji hiyo miwili. Uzi unapanda kaskazini-magharibi: Sudan Kusini, Chad, jangwa la Algeria, Morocco, kisha visiwa vya Azores katikati ya Atlantiki. Umeokoa kilomita 350 hivi. Marubani huufuata uzi huo kwa kadiri wanavyoruhusiwa tu. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023 na anga yake kufungwa, ndege zilizokuwa zikiikatiza zililazimika kuizunguka.

Mwamuzi mkubwa ni upepo. Manahodha wa majahazi walikuja pwani yetu na kaskazi, wakasubiri kusi iwarudishe Arabuni. Rubani hana nafasi ya kusubiri msimu. Juu ya Atlantiki ya kaskazini, kwenye kimo cha kilomita kumi hivi, upepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na mkondo wake wenye nguvu huweza kupita kilomita 200 kwa saa. Tuseme kwa safari nzima unakupinga kwa wastani wa kilomita 40 tu: mwendo unashuka hadi 860, nawe unakaa angani saa 13 na dakika 46. Wakati wa kurudi unakusukuma, mwendo unakuwa 940, na safari ni saa 12 na dakika 36. Tofauti ni saa moja na dakika kumi, kwa upepo wa wastani tu.

Kuna jambo ambalo abiria wengi hawaambiwi, nami naona wanastahili kulijua. Uwanja wa Nairobi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Injini hupungukiwa nguvu na mabawa hupungukiwa na cha kuyainua. Ndege iliyojazwa mafuta ya saa 15 huhitaji kila mita ya barabara ya kurukia, tena baada ya kupunguziwa mizigo. Kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, kunasaidia sana.

Saa za kwenye tiketi ni za mahali ulipo. Ukiondoka saa 5:30 usiku na kutua saa 12:30 asubuhi, usidhani ni safari ya saa saba: wakati wa baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane, majira mengine saba. Anayekupokea mtajie saa ya kutua kama ilivyoandikwa, na kwa safari ya kurudi angalia tarehe pia. Ukiondoka Jumatatu mchana, Nairobi unafika Jumanne.