Mashini na sababu ya jibu lake
Mafundisho mafupi juu ya akili bandia, kufwatana na mambo ya Epulu

Siku hizi, katika universite za inchi nyingi, kuna wanafunzi wa doktora wanaotumika juu ya swali moja: namna gani akili bandia, ni kusema mashini inayohukumu mambo kwa njia ya hesabu, iweze kueleza sababu ya jibu lake, tena kwa namna inayomfaa mtu anayelipokea? Pengine msomaji atauliza: neno hili linatuhusu nini sisi watu wa Ituri? Tunajibu: linatuhusu sana, na habari za pori letu zitatusaidia kulifahamu.

I. HABARI YA OKAPI

Epulu ni kituo cha Pori la Okapi, katika teritware ya Mambasa, kandokando ya njia inayotoka Kisangani kwenda Bunia. Pori lile liliwekwa chini ya ulinzi katika mwaka 1992, na katika 1996 UNESCO ililiandika kati ya mali za ulimwengu wote. Jina lake linatoka kwa okapi, nyama ambaye wenyeji wa Ituri walimjua tangu zamani, lakini wataalamu wa Ulaya hawakumjua hata mwanzo wa karne ya 20.

Katika mwaka 1900 Sir Harry Johnston, mjumbe wa serkali ya Uingereza katika Uganda, alirudisha Kongo Wambuti ambao mzungu mmoja alitaka kuwapeleka Ulaya kuonyeshwa kwa watu. Aliwauliza juu ya nyama anayefanana na punda. Wakamweleza, kiisha wenyeji wakamwonyesha nyayo zake chini: kwato iliyopasuka, vidole viwili. Johnston hakuwasadiki. Alikuwa amekwisha kuweka rohoni mwake kwamba nyama huyu ni wa jamii ya farasi, na kwato ya farasi haipasuki. Akawaza kwamba nyayo zile ni za pofu.

Alipata vipande vya ngozi yenye mistari, ambavyo askari walivifanya mikanda, akavituma London. Mtaalamu Sclater akavitazama, na katika 1901 akampa nyama jina la Equus johnstoni. Ndiyo kusema alimweka pamoja na farasi na punda milia. Lakini mwaka ule ule ngozi nzima na mafuvu ya kichwa vilifika, kwa msaada wa Karl Eriksson, ofisa Mswedi aliyetumika Kongo. Mtaalamu Lankester akaona wazi kwamba okapi ni ndugu ya twiga, akamfanyia jina jipya, Okapia. Na kwato yake imepasuka, sawa vile wenyeji walivyoonyesha.

Tutazame vizuri mambo haya. Bwana wa London hakusema uwongo. Alipewa mistari tu, akahukumu kufwatana na mistari. Lakini mtu aliyesikia jina lile peke yake hakuweza kujua kwamba limesimama juu ya vipande viwili vya mkanda. Mwenyeji wa pori, yeye, hakusema: “Unisadiki.” Aliinama, akaonyesha kidole penye udongo. Aliyeonyeshwa aliweza kutazama, kuuliza, na kukubali au kukataa. Kosa la Johnston lilikuwa kukataa sababu iliyo mbele ya macho yake.

II. MASHINI INAJIFUNZA NAMNA GANI?

Mashini haina macho. Kwake foto ni safu za hesabu, na kila hesabu inasema tu nukta fulani ina mwangaza kiasi gani. Tunaipa foto elfu nyingi pamoja na majina: hii tembo, hii chui, hii okapi. Mashini inajaribu kutaja jina. Ikikosa, vipimo vyake vya ndani vinasogezwa kidogo. Kiisha inajaribu tena, mara nyingi sana. Mwishowe inataja majina vizuri. Lakini ukiuliza imejua kwa neno gani, utapewa vipimo milioni nyingi, na hata fundi aliyeitengeneza hawezi kuvisoma kama vile tunavyosoma kitabu. Ndiyo sababu wataalamu wanaiita sanduku jeusi.

Faida yake ni kubwa, tusiidharau. Katika Serengeti, inchi ya Tanzania, kamera 225 ziliwekwa kusudi zipige foto zenyewe nyama akipita. Foto zilizotazamwa zilikuwa milioni 3,2, na mbele watu wa kujitolea walizitazama moja moja. Katika 2018 wataalamu walionyesha kwamba mashini inaweza kutambua aina 48 za nyama katika foto zile, na kujibu vizuri zaidi ya mara 93 katika 100.

Lakini mwaka ule ule Beery, Van Horn na Perona, wa chuo cha Caltech katika Marekani, walionyesha ubaya mmoja. Mashini iliyofundishwa kwa foto za kamera fulani, ukiipa foto za kamera za pahali pengine, inakosa mara nyingi zaidi. Sababu yake? Haikujifunza nyama peke yake. Ilijifunza vilevile majani, miti na udongo unaomzunguka.

Mfano mwingine ulitolewa katika 2016 na Ribeiro, Singh na Guestrin. Kwa makusudi walifundisha mashini vibaya: kila foto ya mbwa-mwitu ilikuwa na theluji, na foto za mbwa wa kufugwa hazikuwa nayo. Kiisha wakawaonyesha wanafunzi 27 majibu yake. Wanafunzi 10 waliitumainia. Halafu wakawaonyesha ni sehemu gani ya foto iliyoifanya mashini ijibu vile: haikuwa uso wa nyama, ilikuwa theluji. Waliobaki kuitumainia walikuwa 3 tu. Ni habari ya mikanda ya Johnston kwa mara ya pili: alama ya kando imechukuliwa kama kitu chenyewe.

III. MAELEZO MAZURI NI GANI?

Katika filozofia tunajifunza kutofautisha dalili na sababu. Moshi ni dalili ya moto, lakini si sababu yake. Mashini inashika dalili tu. Haijui ipi inatoka katika kitu chenyewe, na ipi imekutana nacho kwa bahati. Basi, anayetumika juu ya doktora ya namna hii anatafuta mambo matatu.

1. Maelezo yawe ya kweli. Pengine mashini ya pili inatengenezwa kusudi ieleze majibu ya ile ya kwanza, na maelezo yake yanapendeza, lakini hayafanani na mambo yaliyotendeka ndani. Kwa hiyo mwalimu Cynthia Rudin aliandika katika 2019 kwamba kwa mambo mazito heri kutumia tangu mwanzo mashini ambayo hesabu yake inaweza kusomwa na watu.

2. Maelezo yamfae mtu. Mwalimu Tim Miller, katika 2019, alikumbusha kwamba mtu akiuliza “sababu gani?”, mara nyingi anataka kujua: sababu gani hili, wala si lile? Mlinzi wa pori hatafuti hesabu milioni. Anauliza: sababu gani unasema okapi, wala si mboloko? Jibu linalomfaa ni hili: tazama mistari ya mapaja, tazama shingo.

3. Maelezo yajaribiwe pamoja na watu. Uchunguzi uliotolewa katika 2021 ulionyesha kwamba watu waliopewa maelezo walizidi kukubali jibu la mashini, liwe la kweli, liwe la uwongo. Hii ni hatari kubwa. Maelezo yanayomlaza mtu usingizi hayafai. Yanapashwa kuamsha akili yake, hata aweze kusema: hapana, hapa umekosa.

IV. NI NANI ATAKAYECHUKUA MZIGO WA KOSA?

Mwingine atapinga: “Kama mashini inajibu vizuri mara 93 katika 100, sababu ni za kazi gani? Hata dawa tunainywa bila kujua inaponya namna gani.” Tunajibu kwa kutofautisha. Kama ni kuhesabu mboloko katika foto elfu, kosa moja halimwumizi mtu. Lakini tuchukue mfano wa namna nyingine. Usiku kamera ya pori inapiga foto ya mtu mwenye mzigo begani, na mashini inaandika: mwindaji haramu, 93 kwa mia. Walinzi wanatumwa na bunduki zao. Watu wa Epulu wanajua kwamba hatari si maneno matupu: tarehe 24 Juni 2012 watu wenye silaha walishambulia kituo, wakaua watu, na okapi 14 wa kituo wakafa. Mlinzi ana haki ya kuogopa. Lakini mtu yule wa foto aweza kuwa Mmbuti anayerudi kambini na wavu wake. Hesabu ya 93 kwa mia haimwambii mlinzi kama mashini imeona bunduki, ao wavu tu, ao giza tu. Na mtu mmoja si sehemu ya mia. Akiumizwa, ameumizwa mzima.

Hapo tunafahamu sababu gani maelezo ni deni la haki. Anayetuma walinzi anapashwa kujibu mbele ya jamaa ya yule mtu, na hawezi kujibu: “Mashini ilisema.” Mwito wa Roma wa 28 Februari 2020 juu ya akili bandia uliweka uwazi mahali pa kwanza: mashini hizi zinapashwa kuelezeka. Na Baba Mtakatifu Fransisko, mbele ya wakubwa wa inchi saba, tarehe 14 Juni 2024, alisema kwamba isiwepo mashini hata moja inayochagua kumwondolea mtu uzima.

V. MASWALI MATATU YA KUSHIKA

Wapadri na wakatekista wataulizwa na watu juu ya mashini hizi, kwani zimekwisha kuingia katika telefone. Haitakuwa lazima wajue hesabu zake. Inatosha kuuliza daima maneno matatu. La kwanza: jibu hili limesimama juu ya dalili gani? La pili: anayeumizwa na jibu hili aweza kuambiwa sababu kwa lugha anayoisikia, na kulipinga? La tatu: ni mtu gani, mwenye jina, atakayejibu kama kuna kosa?

Pasipo jibu kwa maswali haya, mashini itumike kwa kuhesabu nyama, lakini isiachiwe kuhukumu watu. Na penye shaka, aitwe mjuzi wa pori, aje kuinama na kutuonyesha nyayo.