Kupunguza Mafuta Bila Kupoteza Misuli

Mtu anapopanda mizani na kuona kwamba uzito wake umepungua kwa kilo sita, hufurahi, na jirani zake humpongeza. Lakini swali la kisayansi hubaki: kilo hizo sita zilikuwa za kitu gani? Mizani hupima uzito tu. Haiwezi kupambanua baina ya mafuta, misuli na maji. Katika makala haya tutaeleza kwa nini swali hilo lina maana, na jinsi mtu mzima awezavyo kupanga mlo wake ili kinachopungua kiwe ni mafuta, na misuli ibaki.

Mimi mwenyewe niliwahi kulipuuza swali hili. Niliporejea kutoka masomoni ng'ambo nilikuwa nimenenepa, nikaamua kujinyima. Kwa muda wa miezi miwili nilikunywa chai asubuhi, nikala matunda mchana na sahani ndogo ya wali jioni. Nilipungua kilo tisa. Lakini ndoo ya maji niliyozoea kuibeba kwa mkono mmoja ilianza kunishinda, na kabla ya mwaka kwisha kilo zote tisa zilikuwa zimerudi, pamoja na moja ya ziada. Nguvu haikurudi kwa kasi hiyo.

Tatizo lenyewe si la watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Wengi hushauriwa kupungua. Wachache huelezwa namna.

Mwili unapopungukiwa nishati

Kalori inayotajwa katika habari za vyakula ni ile ambayo wanafizikia huiita kilokalori, yaani joto linalotosha kupandisha halijoto ya kilo moja ya maji kwa digrii moja ya Selsiasi. Mwishoni mwa karne ya 19 mkemia wa Marekani, Wilbur Atwater, alipima nishati ya vyakula vingi, na kutokana na kazi yake twajua kwamba gramu moja ya wanga au ya protini huupa mwili kalori 4 hivi, na gramu moja ya mafuta kalori 9.

Mtu akila nishati pungufu kuliko anayotumia, mwili hulipa deni hilo kutoka katika akiba zake. Akiba ya wanga, iitwayo glikojeni, ni ndogo na hupungua upesi. Akiba ya mafuta ni kubwa. Hata hivyo, ubongo huhitaji glukosi, na sehemu kubwa ya mafuta haiwezi kugeuzwa kuwa glukosi. Asidi nyingi za amino, ambazo ndizo matofali ya protini, zaweza kugeuzwa hivyo. Sasa, mwili hauna ghala la protini kama ulivyo na ghala la mafuta. Protini yote iliyomo mwilini ina kazi yake, na sehemu kubwa imo katika misuli. Kwa hiyo chakula kisipoleta protini ya kutosha, misuli ndiyo hubomolewa.

Majaribio mawili

Jaribio la kwanza lilifanyika katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, likiongozwa na Ancel Keys. Vijana wa kiume 36 waliojitolea walilishwa kwa wiki 24 chakula kidogo cha viazi, mkate, makaroni na mboga za mizizi. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mafuta yaliisha kwa wingi, lakini misuli nayo ilisinyaa, na nguvu zao zikapungua sana. Walipoanza kulishwa tena, mafuta yalirudi upesi kuliko misuli. Hapo ndipo nilipoelewa habari ya ndoo yangu.

Jaribio la pili, lililotangazwa mwaka 2016, ni la Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada. Vijana wa kiume 40 walipunguziwa nishati kwa asilimia 40 kwa wiki nne, huku wakifanya mazoezi makali siku sita kwa wiki. Kundi moja lilikula protini gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Jingine gramu 2.4. Kundi la kwanza lilipoteza mafuta kilo 3.5 na misuli yao ikabaki karibu ilivyokuwa. Kundi la pili lilipoteza mafuta kilo 4.8, na sehemu ya mwili isiyo mafuta ikaongezeka kwa kilo 1.2. Somo ni mawili: mazoezi huuambia mwili kwamba misuli ingali inahitajika, na protini huupatia vifaa vya kuitengeneza.

Kipimo cha kuchagulia chakula

Kiwango cha chini cha protini kwa mtu mzima ni gramu 0.8 hivi kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa anayepunguza mafuta, gramu 1.2 hadi 1.6 zafaa zaidi. Si lazima kufikia kiwango kile cha majaribio. Ugumu ni kupata protini hiyo bila kuzidisha nishati. Basi tuulize juu ya kila chakula: katika kalori 100 zake, mna gramu ngapi za protini? Majibu ya kukadiria ni haya:

Unga wa mahindi: 2.5
Karanga: 4.5
Maharage: 6.5
Mayai: 8.5
Maziwa yaliyoenguliwa mafuta: 10
Dagaa wakavu: zaidi ya 15
Kidari cha kuku bila ngozi: 18
Sato au perege: 20

Karanga zina protini nyingi, lakini mafuta yake huzishusha. Dagaa, ambao baadhi ya watu huwadharau, wanakaribiana na kuku. Maharage yapo katikati, nayo yana faida nyingine: protini ya mahindi ina upungufu wa asidi ya amino iitwayo laisini, na maharage yanayo kwa wingi. Ugali kwa maharage ni mlo ambao kemia yauunga mkono.

Mlo wa siku moja

Tumchukue mwalimu mwenye uzito wa kilo 80 anayetumia kalori 2,300 kwa siku. Akila kalori 1,800, atapungukiwa na 500 kila siku, yaani 3,500 kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori 7,700 hivi. Kwa hiyo mwanzoni atapunguza karibu nusu kilo kwa wiki. Mwendo huu ni wa polepole, na ndio unaofaa.

Asubuhi: mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu gramu 200, na glasi ya maziwa yaliyoenguliwa. Kalori 380, protini gramu 24.

Mchana: ugali wa unga gramu 100, maharage yaliyopikwa gramu 250, mchicha gramu 200, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta. Kalori 850, protini gramu 36.

Jioni: sato wa kuchoma gramu 150, wali wa mchele gramu 60, mboga na kachumbari, na kijiko cha chai cha mafuta. Kalori 500, protini gramu 45.

Kipande cha papai gramu 200 huongeza kalori 80 na protini gramu 1.

Jumla ni kalori 1,810 na protini gramu 106, yaani gramu 1.3 kwa kila kilo ya mwili. Asiyepata samaki wabichi na atumie dagaa. Izingatiwe kwamba ugali na wali havikufukuzwa mezani. Vimepunguzwa, na mafuta ya kupikia yamepimwa. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120, na wapishi wengi humimina vitatu au vinne bila kuhesabu.

Mwalimu huyu na afanye pia kazi ya kuilazimisha misuli, angalau mara mbili au tatu kwa wiki: kuinua mizigo, kuchuchumaa na kusimama, au kujisukuma kwa mikono kutoka sakafuni.

Tahadhari

Mpango huu si wa wanafunzi ambao miili yao ingali inakua, wala wa mama mjamzito au anayenyonyesha. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za kisukari, asibadili mlo kabla ya kumwona daktari.

Kwa darasa la biolojia tunapendekeza zoezi hili: wanafunzi wapime unga, maharage na mafuta yanayotumika katika chakula cha mchana shuleni, wagawanye kwa idadi ya walaji, kisha watafute gramu za protini katika kila kalori 100. Wajadili pia ni kitu gani kiongezwe katika sahani hiyo, wakikumbuka kwamba wao wanajenga mwili, hawaupunguzi.