Picha na Sauti: Namna Watu wa Kazi Moja Wanavyojenga Umoja kwa Intaneti

Mtu anayefanya kazi peke yake anasahau upesi. Siku za masomo alikuwa na waalimu na wenzake, aliposhindwa, aliuliza. Kisha akatumwa mbali, na tangu siku ile hakuna anayemtazama mikono. Kama amevumbua jambo jema, wenzake hawalijui. Kama amekosa, hakuna wa kumwonya. Jambo hilo linawapata waganga, waalimu na mafundi. Linawapata vilevile mapadri wa misioni za mbali na makatekista wa vijijini.

Tangu zamani watu waliiepa hatari hiyo kwa vyama, kwa mikutano, kwa barua na kwa magazeti kama hili. Siku hizi kuna njia mbili nyingine: kugawana picha kwa intaneti, na vipindi vya sauti vinavyoitwa podikasti. Tutaeleza kwanza njia hizo ni nini. Pili, zimefanya nini kati ya waganga wa hospitali. Tatu, zina hatari gani. Mwisho, kikundi kidogo kinaweza kuanza namna gani. Tumechagua waganga kwa sababu kwao kosa linaweza kuua mtu, na siri ya mgonjwa ni mzigo mzito. Tukiona faida na hatari kwao, hatutashindwa kuziona katika kazi nyingine.

I. Njia hizo ni nini

Kugawana picha. Mwaka 2004, huko Vancouver katika Kanada, Caterina Fake na Stewart Butterfield walifungua Flickr. Mtu aliweka humo picha zake, akaandika maneno machache ya kuzitambulisha. Mtu mwingine wa nchi ya mbali aliweza kuzitafuta kwa maneno yale, kuzitazama, na kuandika jibu chini yake. Kuonyesha picha halikuwa jambo jipya. Jambo jipya lilikuwa vikundi: wale wenye kazi moja ao mapendo ya jambo moja waliweka picha zao pamoja, wakafundishana. Mwezi wa Januari 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka humo picha za zamani zaidi ya 3,000, ikawaomba watu waandike wanayoyajua juu yake. Watu wakaleta majina ya mahali na ya watu, hata yale ambayo wenye maktaba hawakuwa nayo.

Podikasti. Ni kipindi cha sauti kama kile cha redio, lakini hakipotei kikiisha kusemwa. Mwaka 2000 Dave Winer wa Marekani alitengeneza namna ya kufunga sauti pamoja na orodha ya habari mpya, hata kompyuta ya msikilizaji iweze kujiletea yenyewe kila kipindi kipya. Jina la podikasti liliandikwa mara ya kwanza na Ben Hammersley katika gazeti la Uingereza The Guardian, mwaka 2004. Mwaka 2005 Apple iliingiza vipindi hivyo katika iTunes, vikaenea pote.

Kwa nchi kama yetu, tofauti kubwa na redio ni hii: mtu anapakua kipindi siku anapofika mjini penye mtandao, kisha anakisikiliza nyumbani pasipo mtandao, mara moja ao mara kumi. Kipindi cha dakika 30 kilichorekodiwa kwa kilobiti 64 kila sekunde kina uzito wa megabaiti 14 hivi. Kikipunguzwa nusu kinakuwa megabaiti 7, na maneno ya mtu mmoja yanasikika bado vizuri.

II. Sauti inayomfikia mganga wa usiku

Mganga wa dharura ni yule anayewapokea watu wa ajali na wagonjwa mahututi. Hana nafasi ya kufungua kitabu mbele ya mtu anayekata roho. Tena kitabu chenyewe kinatoka katika chapa miaka kadhaa baada ya mambo yaliyomo kujulikana.

Mwaka 2009 mganga mmoja wa New York, Scott Weingart, alianza podikasti yake EMCrit. Alieleza namna ya kumshughulikia mgonjwa mahututi katika saa za kwanza: apewe hewa namna gani, dawa gani itangulie, alama gani ya hatari iangaliwe. Wenzake walimsikiliza barabarani wakienda kazini. Wengine walimwandikia kumwuliza ao kumpinga, naye alijibu. Waganga wa nchi nyingine wakaanza vipindi vyao. Mwaka 2012, siku za mkutano wa waganga wa dharura huko Dublin, mganga Mike Cadogan wa Australia alitoa jina la FOAM, ni kusema elimu ya uganga inayotolewa bure na wazi kwa wote.

Tuangalie vizuri yaliyofuata. Wale waliojuana kwa sauti tu walitaka kuonana kwa macho. Mwaka 2013 walikutana Sydney katika mkutano ulioitwa SMACC. Mikutano mingine ikafuata Gold Coast, Chicago, Dublin na Berlin, mpaka ule wa mwisho, Sydney tena, mwaka 2019. Hotuba zake zilirekodiwa na kutolewa bure kama podikasti, hata yule asiye na pesa ya safari aweze kuzisikia. Hivi sauti ilizaa mkutano, na mkutano ukazaa sauti nyingine.

III. Picha inayoona kuliko maneno

Kuna mambo ambayo sauti haiwezi kuyaeleza. Kidonda, upele, picha ya mifupa: mambo hayo yanataka macho. Mwaka 2013, huko Toronto, mganga Joshua Landy na wenzake walifungua Figure 1, mahali pa waganga na wauguzi pa kugawana picha za magonjwa. Mmoja anaweka picha na kuuliza: Hii ni nini? Wenzake wa nchi mbalimbali wanatoa mawazo yao.

Mfano wa pili unatuhusu sisi hasa. Vitabu vingi vya uganga vilipigwa chapa na picha za ngozi nyeupe. Vinasema: Angalia kama ngozi imekuwa nyekundu. Lakini juu ya ngozi nyeusi wekundu ule hauonekani sana. Mara nyingi ngozi inageuka rangi ya zambarau, ya kahawia ya giza ao ya kijivu. Vinasema tena: Angalia kama mgonjwa aliyekosa hewa amekuwa wa bluu. Kwa mtu mweusi lazima kuangalia ndani ya midomo, ufizi, na chini ya kucha. Muuguzi aliyejifunza kwa picha zile tu anaweza kumwacha mgonjwa wa hatari akingoja nje, akidhani hana neno.

Mwaka 2020, huko London, mwanafunzi wa uganga Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe, pamoja na waalimu wake wawili wa St George's, walitoa kitabu kidogo Mind the Gap, kinachoonyesha alama za magonjwa juu ya ngozi nyeusi na ya kahawia. Kilitolewa bure kwa intaneti, na watu wakaalikwa kuleta picha nyingine. Upungufu ule ulidumu miaka mingi kwa sababu walioandika vitabu hawakuuona. Ulionekana wazi wakati wengine nao walipopata mahali pa kuweka picha zao.

Katika Afrika inayotumia Kifaransa kuna mtandao wa RAFT, ulioanza Mali karibu mwaka 2001 kwa msaada wa hospitali ya chuo kikuu cha Genève, ukafika katika nchi nyingi. Unatoa masomo kwa intaneti hata mahali mtandao ulipo dhaifu, na unawawezesha waganga wa mbali kupeleka picha na maulizo kwa wenzao wenye ujuzi zaidi. Waganga wa Afrika wenyewe wanafundisha humo, maana wanajua magonjwa na vyombo vya hospitali zao.

IV. Njia moja inabeba ukweli na kosa

Wengine watasema: Kama kila mtu anaweza kusema, nani atazuia kosa? Neno hilo ni la haki. Kitabu kinasomwa na wajuzi kabla ya kutoka. Podikasti inaweza kutoka usiku uleule iliporekodiwa. Tena mwenye sauti nzuri anasadikiwa upesi kuliko mwenye akili asiyejua kusema.

Mwaka 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoenea, mambo mawili yalipita katika njia ileile. La kwanza: waganga waliambiana kumlaza mgonjwa kifudifudi, hata akiwa macho, ili apumue vizuri zaidi. Mwaka 2021 majaribio yaliyofanywa pamoja katika nchi sita juu ya wagonjwa zaidi ya 1,100 yalionyesha kwamba kulala namna hiyo kunapunguza haja ya kuwatia mpira wa kupumulia kooni. La pili: wengi waliambiana kwamba dawa ya malaria inayoitwa hydroxychloroquine inaponya ugonjwa ule. Mwezi wa Juni 2020 majaribio makubwa ya Uingereza yanayoitwa RECOVERY yalionyesha kwamba haiwasaidii wagonjwa wa hospitalini. Habari hizo mbili zilikuja kwa sauti moja, na upesi mmoja. Aliyezisikia siku ile hakuweza kuzitofautisha kwa masikio tu.

Basi, umoja wa kweli unajulikana kwa namna unavyotenda na kosa. Podikasti njema inasema habari yake imetoka wapi, inatenga jambo lililohakikishwa na jambo linalodhaniwa, na kosa likionekana inalisahihisha mbele ya wasikilizaji walewale. Kikundi ambacho mkubwa wake hasahihishwi kamwe kinabaki kundi la washangiliaji, hata kikiwa na watu elfu.

V. Siri

Hatari ya pili ni kubwa zaidi kwa picha. Mgonjwa alimwonyesha mganga mwili wake ili apone. Hakuuonyesha kwa ulimwengu. Figure 1 inafunika nyuso, na inamtaka mwenye picha afute alama nyingine zinazomtambulisha mtu, kama vile chanjo na michoro ya ngozini. Hata hivyo mashini haioni yote. Katika kijiji cha watu mia mbili, kidonda tu kinatosha kumtambulisha mwenyewe. Tena picha ya simu mara nyingi inaficha ndani yake saa na mahali ilipopigwa. Anayeipeleka lazima aifute habari hiyo kwanza.

Idhini ni ya lazima, nayo iwe idhini ya kweli. Mgonjwa anayeogopa kunyimwa dawa atakubali yote. Kukubali huko si idhini. Aelezwe kwa lugha anayoisikia: nani ataiona picha, kwa sababu gani, na kwamba akikataa atatunzwa vilevile. Kwa mtoto, wazazi waulizwe. Msomaji anayeshika siri za watu kwa sababu ya kazi yake haitaji kuelezwa zaidi. Maneno aliyosikia kwa siri yasiingie katika podikasti hata kama amebadili majina.

VI. Tufanye nini

Majimbo yetu mengi yana hospitali na zahanati. Wauguzi wake wanaishi mbali wao kwa wao, na wengi wana simu yenye kupiga picha na kurekodi sauti. Makatekista wako vivyo hivyo. Wakitaka kuanza, washike mambo haya.

1. Waanze watu watano ao sita wanaojuana. Kundi la watu mia ambao hawajuani linajaa salamu na habari za ovyo, na mwenye ulizo la kweli anaona haya kuuliza.

2. Wachague mmoja wa kusimamia. Kazi yake ni kupokea, kupanga, na kuondoa upesi picha isiyofaa.

3. Kila picha iwe na ulizo lake. Muuguzi aseme: Kidonda hiki hakifungi tangu majuma matatu, nimefanya hivi na hivi, nimekosea wapi? Katekista aonyeshe mchoro aliotumia darasani, aseme watoto walielewa nini na nini hawakuelewa. Picha iliyotumwa kwa kujisifu tu haifundishi.

4. Sauti iwe fupi: dakika kumi, jambo moja, lugha ya watu. Asemaye awe amefanya kazi ile kwa mikono yake. Picha na sauti zipunguzwe uzito, maana mwenzetu wa mbali ananunua mtandao kwa taabu.

5. Mwenye kuuliza ajibiwe, hata kwa neno la «sijui, tumwulize fulani». Aliyeuliza mara mbili bila jibu hatauliza mara ya tatu.

6. Waonane kwa macho angalau mara moja kwa mwaka. Waganga wa FOAM, wenye mashini zote, waliona kwamba sauti peke yake haitoshi.

Wazee wanasema: Anayeuliza hapotei njia. Lakini anayeuliza anahitaji mtu wa kumjibu, na ndipo mashini inapokoma na kazi yetu inapoanza. Simu inaweza kupeleka picha ya kidonda kutoka Kirungu mpaka Genève kwa dakika moja. Haiwezi kumfanya muuguzi akubali kuonyesha kazi aliyoshindwa, wala kumfanya mjuzi aache usingizi wake kidogo ili amjibu mwenzake asiyemjua. Mambo hayo mawili yakikosekana, tusinunue hata megabaiti moja. Yakiwapo, watu watano wenye simu tatu wanaweza kuanza juma hili.