Kifurushi Kipo, Python Haikioni

Data ya mvua ya Isiolo inapatikana bure. Mkusanyo wa CHIRPS, unaotayarishwa katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, una rekodi za tangu 1981 katika miraba ya takriban kilomita tano kwa tano. Hiyo inatosha kulinganisha Merti na Garbatulla, na kuonyesha jinsi mvua ilivyopungua misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022.

Tuseme kijana wa mradi wa malisho mjini Isiolo ameketi kuifanya kazi hiyo. Ameandika `pip install rasterio`, kifurushi cha kusoma ramani za aina hiyo, akangoja huku bando likiliwa, mwishowe akaambiwa kimesakinishwa. Anaendesha programu yake na kupata hili:

`ModuleNotFoundError: No module named 'rasterio'`

Anasakinisha tena, pip inamjibu kwamba kipo tayari. Anaendesha tena; Python inashikilia kwamba hakipo. Wengi wakifika hapa huanza kufuta kila kitu na kuanza upya. Kwa kawaida ni kazi bure, maana pip imesema kweli na Python nayo imesema kweli.

Kompyuta moja huweza kuwa na Python kadhaa: iliyokuja na mfumo, uliyopakua mwenyewe, iliyoletwa na Anaconda, na nyingine ndani ya kila mazingira pepe. Kila moja ina folda yake ya vifurushi, mara nyingi `site-packages`, na kwa kawaida haichungulii ya mwenzake. Ukisakinisha kwa pip ya 3.12, kisha programu ikaendeshwa na 3.10, umempigia mtu hodi Bulla Pesa ilhali alishahamia Kambi Garba.

Kwa hiyo kabla ya kukigusa kifurushi, mjue kwanza anayekitafuta. Weka mistari hii juu kabisa ya programu, na uiendeshe palepale kosa linapotokea. Kama ni ndani ya Jupyter, basi iwe Jupyter, si kwenye terminali ya pembeni:

`import sys`
`print(sys.executable)`
`print(sys.path)`

Jibu la kwanza ni Python yenyewe na mahali ilipo. La pili ni orodha ya folda inazopekua, kwa zamu. Chukua njia iliyo katika jibu la kwanza, uiandike kwenye terminali, kisha uongeze `-m pip install rasterio`. Sasa pip inayofanya kazi ni ya Python hiyohiyo. Neno `pip` likiandikwa peke yake halikwambii ni la nani, ndiyo maana sipendi kulitumia hivyo.

Kwenye Ubuntu 24.04 huenda ukakataliwa kwa ujumbe wa `externally-managed-environment`. Mfumo unalinda Python inayoutegemeza. Ipo swichi ya kulazimisha, `--break-system-packages`, na walioipa jina hilo hawakukuficha kitu. Achana nayo, tengeneza mazingira pepe: andika `python3 -m venv mvua`, kisha `source mvua/bin/activate`, na usakinishe humo.

Pengine folda ni sahihi ila jina ndilo lililokosewa. Jina la kusakinishia na jina la kuitia si lazima yafanane: Pillow huitwa `PIL`, PyYAML huitwa `yaml`, scikit-learn huitwa `sklearn`, na GDAL, mama wa programu nyingi za ramani, huitwa `osgeo`. Usisakinishe kwa kubahatisha. Ghala la vifurushi la PyPI liko wazi kwa umma, na wamo watu wanaosajili majina yanayokaribiana na yale maarufu wakisubiri mwenye haraka akosee herufi.

Halafu kuna mtego wa faili lako mwenyewe. Ukiipa programu yako jina `rasterio.py`, Python italiona hilo kwanza, kwa kuwa folda ya programu ndiyo inayotangulia katika `sys.path`. Utasoma habari za `partially initialized module`. Badilisha jina la faili, yaishe.

Hayo yote yakiwa sawa na kosa likabaki, tazama aina yake. Tangu Python 3.6, `ModuleNotFoundError` humaanisha moduli haikupatikana. `ImportError` tupu, hasa ikija na `DLL load failed` kwenye Windows, ni habari nyingine: moduli imepatikana, lakini kitu inachokitegemea kimegoma kupakiwa. GDAL imeandikwa kwa C++, na `pip install GDAL` huleta daraja tu; maktaba yenyewe lazima iwe imeshawekwa, tena ya toleo linalooana. Rasterio ya pip kwa kawaida huja na GDAL yake ndani. Ukichanganya hiyo na ya conda, kisakinishi cha Anaconda, katika mazingira yaleyale, zinaweza kugongana. Vivyo hivyo NumPy 2.0, iliyotoka Juni 2024, iliviangusha vifurushi vilivyojengwa kwa NumPy 1. Ikiwa umechagua conda, chukua rasterio, GDAL na NumPy zote kutoka conda-forge. Ikiwa ni pip, baki na pip. Mazingira yaliyokwisha kuchanganywa ni nafuu kuyafuta na kuyatengeneza upya, mradi umeorodhesha vifurushi vyako kwenye `requirements.txt`.