Kinachokumbukwa si Pilau

Mtu anayefunga mizigo kwenda kuishi Minneapolis, London au Doha hudhani anajua mapema chakula atakachokikumbuka: pilau ya harusi, biriani ya Idi, nyama choma ya mwisho wa wiki. Miezi sita ikipita, hesabu inabadilika. Pilau anaipika mwenyewe, na ikikaa sawa haipishani sana na ya nyumbani. Anachokililia ni ugali kwa dagaa, mchicha wa nazi, kisamvu, kande, ukoko wa wali uliobanduliwa kwa kijiko kwenye sufuria. Ni vyakula vya Jumanne usiku, ambavyo hakuna aliyewahi kuvipigia picha. Wengi huona haya kukiri, wakidhani ni utoto au ushamba. Mimi naona hawana la kuonea haya. Hamu hiyo ni maarifa ambayo mwili umeyakusanya kwa miaka mingi, na sayansi ya harufu na ya shibe inaonyesha kwa nini chakula cha kila siku ndicho kinachouma zaidi kikikosekana.

Tuanze na ulimi, maana ndio unaopewa sifa zote. Ulimi hutambua ladha chache tu: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ya tano, ya mchuzi wa nyama au wa dagaa, ambayo mkemia wa Kijapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 alipochunguza supu ya mwani na kuiita umami. Sehemu kubwa ya mengine tunayoyaita ladha ni harufu. Tunapotafuna, hewa iliyobeba molekuli za chakula hupanda kutoka nyuma ya koo hadi puani, na ubongo huichanganya na yale yanayohisiwa kinywani kana kwamba yote yametoka ulimini. Mwenye mafua mazito analijua hili, na waliopoteza uwezo wa kunusa kwa sababu ya korona walilijua kwa machungu zaidi. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel walitangaza kundi kubwa la jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana takriban aina 400 za vipokezi hivyo vinavyofanya kazi. Lakini kwa hoja yetu, lililo muhimu ni njia ambayo harufu hupita. Habari za macho na masikio hupokewa kwanza na thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo, ndipo zigawanywe. Harufu haisubiri hapo. Inaingia moja kwa moja katika sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Watafiti wa Sweden, Johan Willander na Maria Larsson, walionyesha mwaka 2006 kwamba wazee wakikumbushwa maisha yao kwa maneno au picha, hurudi zaidi kwenye ujana. Wakikumbushwa kwa harufu, hurudi kwenye miaka yao kumi ya kwanza. Na mtoto wa umri huo hali biriani kila siku. Anakula kinachopikwa kila siku.

Somo lenyewe huanza kabla hata ya miaka hiyo. Harufu za chakula anachokula mama hufika kwenye maji ya chupa ya uzazi, ambayo mtoto huyameza akiwa tumboni, na baadaye hupita katika maziwa ya mama. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia walichapisha jaribio ambalo wajawazito walikunywa maji ya karoti siku nne kwa wiki, kwa wiki tatu. Wengine walikunywa wakati wa kunyonyesha, na kundi la tatu walikunywa maji matupu. Watoto walipoanza kulishwa uji uliochanganywa na karoti, wale ambao mama zao walikuwa wamekunywa karoti walikunja nyuso mara chache zaidi. Mwaka mmoja kabla yake, Benoist Schaal na wenzake nchini Ufaransa walikuta kwamba vichanga ambao mama zao walikula vitu vyenye anisi wakati wa ujauzito waliielekea harufu hiyo tangu kuzaliwa, huku wengine wakiikwepa au wakibaki bila habari nayo. Ukiyachukua matokeo haya na kuyaweka kwenye nyumba ya Tanga au Kisumu, unaelewa kwamba mama hakuhitaji jaribio lolote. Mchuzi wake wa kila siku ulikuwa ukifundisha.

Kuna na shibe, neno ambalo wataalamu wa lishe wangefanya vyema kulitumia zaidi. Wapo watu wengi kwetu ambao wakila mkate, viazi na hata wali, bado husema, “Leo sijala.” Wanamaanisha hawajala ugali. Majaribio ambayo Anthony Sclafani aliyafanya kwa panya huko New York yanaonyesha kwamba kauli hiyo ina msingi. Panya alipewa maji yenye ladha fulani, na kila alipoyanywa, wanga au sukari iliingizwa kwa mrija moja kwa moja tumboni, bila kugusa ulimi. Baada ya muda panya alianza kuipenda ladha hiyo kuliko nyingine, kwa kuwa utumbo ulikuwa umeupasha ubongo habari kwamba ladha hii inaleta nguvu. Binadamu hatuwezi kulinganishwa na panya kwa kila jambo, lakini kanuni hii inaeleza fumbo la ugali: chakula ambacho peke yake karibu hakina ladha, na bado hakuna kinachokishinda kwa kukumbukwa. Maelfu ya mara, harufu ile tulivu ya unga uliopikwa imefuatwa na utulivu wa tumbo. Pilau ya mara nne kwa mwaka haijapata muda wa kufundisha hivyo.

Sababu nyingine iko jikoni kabisa, na ndiyo inayonivutia zaidi. Pilau inasafiri vizuri. Iliki, karafuu, bizari nyembamba na pilipili manga ni maghala madogo: mafuta yenye harufu yamefungiwa ndani ya mbegu na matumba makavu, nayo hukaa humo miezi mingi mpaka mtu ayatwange. Biashara ya kale ya Bahari ya Hindi ilijengwa juu ya ukweli huo. Chakula cha kila siku hakina ghala la namna hiyo. Harufu ya mchicha huzaliwa kisu kinapopita: seli zinapasuka, vimeng'enya vinakutana na mafuta ya jani, na ndani ya sekunde chache hutokea molekuli ndogo zenye harufu ya ubichi, ambazo hupeperuka upesi vilevile. Nazi nayo tazama inavyopikwa. Anayekaa juu ya mbuzi na kukuna nazi iliyovunjwa saa hiyo, akaikamua na kuichuja kwa kifumbu, anapata tui la kwanza, zito, lenye harufu ya laktoni, jamii ya molekuli zinazoipa nazi unono wake. Tui hilo huingia mwisho, moto ukiwa mdogo, na mkono haukomi kukoroga lisije likakatika. Tui la kopo limepita joto kali ili lidumu madukani, na mara nyingi limeongezwa vitu vya kulizuia lisijitenge. Ni chakula salama na kinafaa, lakini pua inatambua kwamba kimeshapikwa mara moja kabla ya kufika jikoni.

Ukoko ni mfano mwingine. Ndani ya ugali au wali mna maji, hivyo joto halipandi sana kupita kiwango cha kuchemka. Chini ya sufuria, maji yanapokauka, joto hupanda, na hapo sukari na viini vya protini huungana katika mabadiliko aliyoyaeleza Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, yaleyale yanayotoa harufu ya mkate uliookwa na kahawa iliyokaangwa. Sufuria isiyoshikisha, juu ya jiko la umeme linalojizima na kujiwasha lenyewe, haikuundwa kwa ajili hiyo. Unga nao una umri. Dona hubaki na kiini cha punje chenye mafuta, na mafuta hayo huchacha yakikaa muda mrefu. Anayeununua baada ya safari ndefu ya meli anakula mahindi yaleyale, harufu ikiwa nyingine.

Wapo watakaosema kwamba tunakumbuka watu, na chakula ni kisingizio tu. Hilo lina ukweli, na watafiti wa Marekani Jordan Troisi na Shira Gabriel walionyesha mwaka 2011 kwamba chakula kilichozoeleka huamsha fikra za ndugu na jamaa. Lakini hili halipingi hoja yangu. Mama huyohuyo alipika pilau pia. Kama ni yeye tu anayekumbukwa, mbona uzito wote umeangukia mchicha? Wengine husema mwili unadai kirutubisho ulichokikosa. Kwa chumvi, ushahidi upo. Kwa wanga haueleweki, kwa sababu viazi vya Ulaya vina wanga wa kutosha na havijamtuliza mtu aliyekumbuka ugali. Na wapo wanaoamini kwamba chakula cha mababu kimo damuni. Hao nawakumbusha kwamba mahindi yalianza kulimwa Mexico miaka ipatayo 9,000 iliyopita na yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuja. Kabla yake ugali ulikuwa wa mtama, uwele na ulezi. Muhogo wa kisamvu chetu umetoka Amerika Kusini. Kwa upande wa pili, familia zilizokwenda Oman kutoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 zina wajukuu waliozaliwa Muscat ambao wali wa nazi ndio chakula chao cha nyumbani. Hawakuurithi kwa damu. Walifunzwa jikoni, kama mama zao.

Kwa hiyo ningependa daktari, mhudumu wa wazee au mkwe wa kigeni wasikie kauli ya “sijala” kwa uzito wake, hasa inapotoka kwa mzazi aliyewafuata watoto wake ughaibuni. Richard Doty na wenzake waliripoti mwaka 1984, baada ya kupima watu wengi nchini Marekani, kwamba zaidi ya nusu ya wenye umri wa miaka 65 hadi 80 uwezo wao wa kunusa umepungua sana, na kupita 80 ni zaidi ya robo tatu. Mzee huyo ameletewa sahani nzuri, yenye uma na kisu, na pua yake haimwambii mengi. Mkono haujasahau. Mpe ugali wa moto, uliosongwa mpaka ukashikamana, wanga ukiwa umevimba na kuwa mgumu kiasi cha kukatika bila kunata. Anakata tonge, analiviringisha kiganjani huku akilisikiliza joto lake kwa vidole kabla halijafika kinywani, kidole gumba kinabonyeza katikati, na mchuzi wa dagaa unaingia kwenye shimo.